Ukikodi gari la kulalia Kampala, anza na usiku

Aliyezoea picha za nyumba za magurudumu za New Zealand au Canada, zenye kitanda, jiko, choo na bafu ndani, hufika Kampala akitafuta kitu ambacho karibu hakipo. Jamaa wanaotuandikia kutoka Muscat, Leicester au Minneapolis, wanaotaka kuwaleta watoto waione Uganda likizo moja kabla hawajakua, hututumia picha ya gari refu jeupe lenye pazia madirishani. Wanachokabidhiwa ni Toyota Land Cruiser yenye hema lililokunjwa juu ya keria, ngazi ya kupandia, jiko la gesi, madumu ya maji, meza na viti vya kukunja. Chumba kiko juu, stoo iko nyuma ya viti, na choo ni cha kambi mtakayolala.

Sababu zake ni za barabara zaidi ya biashara. Gari refu la kulalia linahitaji njia imara hadi mlangoni, umeme wa kuchomeka na mahali pa kumwagia maji machafu. Kambi za ndani ya hifadhi za Uganda zina mahali pa kuwashia moto, bomba la maji, choo na, ukibahatika, bafu lenye maji ya moto ya kuni. Njia ya kufikia nyingi kati ya hizo ni ya vumbi, yenye mifereji iliyochongwa na mvua na matawi yanayokwaruza paa. Halafu tangu 2018 sheria inazuia kuingiza nchini gari lililotimiza miaka 15 tangu litengenezwe, na nyumba za magurudumu ambazo bei yake ingemvutia mfanyabiashara wa hapa kwa kawaida zimeshapita umri huo. Kwa hiyo Land Cruiser na hema lake la juu ndiyo nyumba yetu ya magurudumu, na kusema kweli kwa nchi hii ndilo gari sahihi.

Watu wengi wakishakubali gari hushika ramani na kuanza kujumlisha kilomita. Hapo ndipo mpango unapoharibika. Anza na mahali pa kulala. Weka usiku wote kwenye karatasi, kambi baada ya kambi, kisha uulize kama barabara iliyo kati ya usiku mmoja na mwingine inapitika kwa mwanga uliopo. Hapa ikweta mwanga ni ule ule mwaka mzima: jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja asubuhi, likazama karibu na saa moja jioni, na giza huingia mara moja. Mgeni anayetoka Uingereza mwezi Julai, alikozoea kuendesha hadi saa tatu usiku mbingu ikiwa bado nyeupe, huona kama kaibiwa jioni nzima.

Kwenye mwanga huo toa muda wa kukunja hema na kunywa chai. Toa saa mbili za mwisho, kwa sababu kambi inataka kufikiwa kukiwa na mwanga wa kuchagua uwanja ulio sawa, kufungua hema na kupika. Toa kuongeza mafuta, toa chakula cha njiani. Zinabaki saa saba, pengine nane. Kwenye lami mimi hukadiria kilomita 50 kwa saa, kwenye vumbi 25. Anayesema huo ni mwendo wa kobe hajakutana na matuta ya kila kijiji kuanzia Mpigi hadi Lyantonde, wala foleni ya malori yanayopanda vilima vya Kabale. Ndani ya hifadhi mwendo wa juu ni kilomita 40 kwa saa, na jua likizama unatakiwa uwe umefika ulikokuwa unaenda.

Je, usiku haupitiki kabisa? Mabasi hupita. Lakini lori lililoharibika huachwa katikati ya njia bila taa, likiwekewa matawi ya miti barabarani kama onyo, na matawi hayang'ai. Kuna baiskeli zilizobeba ndizi, bodaboda zisizo na taa, mbuzi, na watu wanaotembea wakiipa trafiki mgongo. Gari lenye hema na mzigo kichwani halipindi ghafla likabaki wima.

Tuchukue usiku 14, ambao kwa familia inayokuja mara ya kwanza ndio mgawo ninaoupendelea. Usiku wa kwanza lala Entebbe. Ndege nyingi za mbali hutua jioni au usiku, na hakuna haja ya kujifunza gari jipya, upande mpya wa barabara na jiji la Kampala kwa mkupuo mmoja. Wa pili uwe Ziwa, hifadhi ya vifaru iliyoko Nakasongola, kilomita 170 hivi kaskazini mwa Kampala kwa barabara ya Gulu. Siku hiyo ni fupi kwa makusudi, maana utatumia asubuhi yake sokoni na huenda foleni ya Bwaise na Kawempe ikakuchukulia saa nzima. Kisha Hifadhi ya Murchison usiku mbili. Pale mto Nile hujibana kwenye mwanya wa miamba wa mita saba hivi na kuporomoka zaidi ya mita 40, na unaweza kuendesha hadi juu kabisa ya maporomoko. Zamani ratiba yote ya Murchison ilifungwa na kivuko cha Paraa, aliyekikosa alingoja. Sasa kuna daraja, na barabara zilizojengwa kwa ajili ya mafuta ya Buliisa zimeleta lami hadi ndani ya hifadhi. Wapenda porini wanalalamika, nami nawaelewa, ila kwa mwenye watoto nyuma ya gari lami hiyo ni nafuu kubwa.

Kutoka Murchison unashuka kusini kupitia Hoima na Kyenjojo hadi Fort Portal. Siku hii ni ndefu, na sasa ni lami. Kaa usiku mbili kwenye maziwa ya kreta. Halafu mbili Mweya, ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth, na mmoja Ishasha, upande wa kusini wa hifadhi hiyo hiyo, ambako simba hupanda mitini. Mbili Buhoma, kwenye ukingo wa msitu wa Bwindi. Mbili ziwa Bunyonyi, ambako mtafua nguo na kupumzika. Wa mwisho Hifadhi ya Ziwa Mburo, kilomita zisizozidi 250 kutoka Kampala.

Ratiba hii yote inaning'inia kwenye tarehe moja, nayo ni ya sokwe wa milimani. Kibali chake hutolewa na Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, UWA, kwa tarehe maalumu na kwa eneo maalumu la msitu. Tangu Julai 2024 mgeni wa nje hulipa dola 800. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hulipa shilingi 300,000 za Uganda. Bwindi ina maeneo manne ya kuanzia: Buhoma, Ruhija, Rushaga na Nkuringo. Kwenye ramani yamekaribiana, lakini barabara inazunguka milima, na aliyelala Buhoma akiwa na kibali cha Rushaga atakuwa usukani gizani ili kuwahi mkutano wa asubuhi. Nunua kibali kwanza, kisha uweke usiku mbili hapo hapo, mmoja kabla ya kupanda. Tena soma umri: mtoto chini ya miaka 15 haruhusiwi kwenda kuwaona sokwe. Kila mwaka kuna wazazi wanaoligundua hilo wakiwa wameshanunua tiketi za ndege. Mzazi mmoja hupanda leo na mwingine kesho, au wote wawili waache na wabaki na watoto ziwani.

Wenye pasipoti za Ulaya au Marekani ambao bado ni raia wa Kenya au Uganda waje na kitambulisho cha nyumbani. Malangoni tofauti ya kiingilio kati ya mwana Afrika Mashariki na mgeni ni kubwa sana, na askari hawakadirii uraia kwa kusikia lafudhi. Kiingilio chenyewe huhesabiwa kwa saa 24. Ukiingia saa nane mchana, unapata mzunguko wa jioni, usiku kambini na mzunguko wa alfajiri, kisha unatoka kabla ya saa nane ukiwa umelipia siku moja. Ukiingia saa mbili asubuhi, ukalala na kutoka kesho yake baada ya saa mbili, utalipia mbili. Lipa kwa kadi au pesa za simu, usitegemee noti.

Sasa gari. Kabla hujasaini chochote, fungua hema mwenyewe uwanjani kwa mwenye gari. Usikubali kuonyeshwa tu. Angalia zipu, wavu wa mbu, na harufu: hema lililokunjwa likiwa na unyevu huota ukungu, na utalala na ukungu huo usiku wote 14. Kagua matairi mawili ya akiba, maana moja halitoshi Ishasha. Toa jeki uiweke chini ya gari uone kama inafika, kwa sababu gari lililoinuliwa springi mara nyingi hubaki na jeki fupi ya zamani. Uliza betri ya pili ya friji inachajiwa na nini. Hapa jua la mchana hukaa karibu utosini, hivyo paneli iliyolala bapa juu ya paa hufanya kazi vizuri bila kuinamishwa. Tatizo ni kwamba kila mtu huegesha chini ya mti ili hema lisiwe tanuri. Chagua kivuli au maziwa baridi.

Kuhusu bima, uliza swali moja: nikilipindua gari hili kesho, nitalipa kiasi gani kutoka mfukoni? Bima ya lazima ni ya mtu wa tatu tu, inamlipa uliyemgonga. Bima kubwa hulinda gari, lakini mkataba huwa na kiwango cha hasara ambacho aliyekodi anabeba mwenyewe kabla bima haijagusa. Pengine vioo na matairi vimeachwa nje kabisa. Kiwango hicho kiandikwe kwa namba, na sahihi mbili chini yake.

Kampala ni mahali pazuri pa kujazia kinachopungua. Spea zilizokwishatumika ziko Kisekka, ambako fundi mwenye mikono myeusi atakutajia sehemu ya gari lako kwa kulisikiliza tu likinguruma. Katwe wanachomelea chuma: kishikio cha dumu, meza ya kukunja, keria iliyopasuka. Mablanketi, majaketi na mifuko ya kulalia ya mitumba iko Owino. Usidharau mablanketi kwa sababu uko ikweta. Kampala yenyewe iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, Bunyonyi inakaribia 2,000, na saa kumi alfajiri watoto watakuja kulala katikati yenu wote. Nunua sigiri ya udongo kama unapenda nyama choma, lakini isiingie ndani ya hema wala ndani ya gari, hata ikiwa imebaki majivu ya joto. Moshi wa makaa usioonekana huua watu usingizini, na baridi ya Kabale ndiyo inayowashawishi.

Mzigo mzito uweke chini. Hema peke yake ni kilo 50 na zaidi, tayari liko kichwani. Ukiongeza madumu ya maji na mafuta juu ya keria, gari hugeuka mti unaobembea. Maji yakae sakafuni nyuma ya kiti cha dereva. Kwenye vumbi lenye mawimbi punguza upepo wa matairi kidogo, gari litulie na shokapu zipumue, kisha ujaze tena ukifika lami. Fundi wa pancha yupo karibu kila kituo, na bei yake ni ndogo kuliko muda utakaopoteza kubishana.

Chakula cha njiani sihitaji kukihubiri. Barabara ya Jinja kuna kuku wa Namawojjolo, barabara ya Masaka kuna muchomo (nyama choma) na gonja (ndizi za kuchoma) Lukaya, vinakufikia dirishani kabla hujazima injini. Rolex, chapati iliyoviringwa na mayai, ndiyo kifungua kinywa cha asubuhi ambayo jiko limegoma.

Usiku kambini una adabu zake. Mweya na Mburo ziko kando ya maji, na viboko hutoka majini gizani kula majani, katikati ya magari yaliyoegeshwa. Hema la juu linakuweka mbali nao, jambo linalowapa watu ujasiri wa bure. Kiboko humdhuru yule aliyeteremka ngazi saa nane usiku kwenda chooni. Kabla ya kulala kila mtu aende haja. Weka ndoo yenye kifuniko kwa wenye dharura, cheka nayo, utaishukuru. Uliza askari wa hifadhi viboko hupitia wapi, usiegeshe kwenye njia yao. Chakula chote, pamoja na ndizi na dawa ya meno, kifungiwe ndani ya gari, vioo juu, maana ndovu na nyani wana pua. Mnaolala na watoto wadogo, andamaneni wote wakati wa kuteremka.

Kuna jambo ambalo matangazo ya utalii hulipita haraka. Oktoba 2023 watalii wawili na dereva wao Mganda waliuawa na waasi wa ADF ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth. Tangu hapo ulinzi uliongezwa na wageni wanaendelea kupita huko kila siku. Ninachomwambia anayejiendesha mwenyewe ni hiki: kabla ya kukata kutoka Katunguru kwenda Ishasha, piga simu UWA au simama langoni uulize hali ya njia wiki hiyo, ya usalama na ya tope. Udongo mweusi wa Ishasha ukinyeshewa hushika gari likazama hadi ekseli, na gari lililokwama saa kumi na moja jioni ni usiku uliopotea. Miezi ya Machi hadi Mei, na Septemba hadi Novemba, uwe na njia ya pili ya lami kupitia Mbarara. Juni hadi Agosti na Desemba hadi Februari ni rahisi zaidi, na kambi hujaa.

Vizuizi vya polisi na jeshi vipo. Simama, teremsha kioo, zima redio, salimia. Kiswahili ambacho raia wengi wa Kampala hukikwepa kwa kukihusisha na askari, hapo kizuizini kinakuwa mali: "Habari za kazi, afande" hufungua mazungumzo vizuri kuliko Kiingereza chochote.

Wengine watataka kuvuka mpaka kwa gari hilo hilo. Hapo karatasi zinazidi barabara kwa ugumu. Utahitaji barua ya mwenye gari inayokuruhusu, nakala ya kadi ya gari, kibali cha muda cha forodha, na Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo ni bima ya mtu wa tatu kwa nchi za nje. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini kadi hiyo inaitambua. Kumbuka kuwa kadi hiyo hailipi uharibifu wa gari ulilolikodi. Kwenye malango ya hifadhi za nchi jirani, gari lenye namba za kigeni hutozwa mara kadhaa ya lile la wenyeji, na kwa safari ya Serengeti mara nyingi ni nafuu kuliacha la Kampala Mwanza na kupanda la Kitanzania.

Viza ndiyo inayowanasa wengi. Ile ya kitalii ya Afrika Mashariki, ya dola 100 na siku 90, iliyoanza 2014, inahusu Uganda, Kenya na Rwanda tu, na huombwa kwenye nchi utakayoingia kwanza. Ukitoka Masaka ukapita Mutukula kwenda Bukoba, Tanzania, umetoka nje ya eneo lake. Kurudi Uganda au kuingia Kenya kwa viza ile ile kunaweza kukataliwa. Mzunguko wa ziwa Viktoria unaopendeza sana kwenye ramani unadai viza nyingine. Na Rwanda, kwa Katuna au Kyanika, unahamia kulia mara tu unapovuka. Usukani wako utakuwa upande wa ukingo wa barabara, huoni mbele ya lori. Mtu wa kushoto ndiye atakayekuambia kama njia ni nyeupe, kwa hiyo akae mtu mzima asiyesinzia. Mfuko wa plastiki uache Uganda; Rwanda ilipiga marufuku mwaka 2008, Kenya 2017, Tanzania 2019, na mizigo hukaguliwa.

Swali la mwisho ambalo huulizwa kwa aibu: je, ni lazima nijiendeshe mwenyewe? Hapana. Mpango ninaoupenda ni wa kukodi dereva kwa siku moja tu, akutoe Entebbe akupitishe sokoni Kampala na kukuacha Luwero, nje ya msongamano, ukiwa umemtazama akipishana na bodaboda. Akirudi kwa taxi, yaani ile nyie mnayoiita matatu au daladala, wewe unashika usukani barabara ikiwa imefunguka.

Siku ya kurudisha, toka Mburo kabla ya saa tatu asubuhi. Kyengera na Busega, pale barabara ya Masaka inapoingia mjini, hula saa mbili za mchana bila kuona haya. Kama ndege ni ya usiku, mpange na mwenye gari mkabidhiane Entebbe badala ya Kampala. Oshesha gari njiani, kwa sababu mkwaruzo chini ya tope huonekana mpya. Fungua hema likauke juani wakati linaoshwa, piga picha pande zote nne na kipimo cha mafuta, na usiachie funguo mpaka amana yako iwe imerudi kwenye simu.